Taa Tatu za Fundi wa Meli

Hapa Kisesa umeme ukikatika hashtuki mtu. Watoto hupiga kelele, mama lishe huwasha tochi ya simu, na kila mwenye nyumba huchungulia kwa jirani ajue kama ni mtaa mzima au ni Luku yake tu imeisha. Giza la nchi kavu linavumilika. Majini, umeme ukizimika pampu husimama, usukani hauitiki, na upepo wa ziwa haumngojei mtu.

Kilomita kama 20 kutoka hapa, bandarini Mwanza, MV Victoria hung'oa nanga usiku kwenda Bukoba kupitia Kemondo. Ni meli ya tangu miaka ya 1960, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Abiria humsifu nahodha. Mimi namsifu fundi umeme.

Kwenye swichibodi za meli nyingi kuna taa tatu ndogo, moja kwa kila fezi. Zikiwaka sawasawa, hali ni shwari. Moja ikififia, basi mahali fulani waya umechubuka au umelowa na umeme unagusa chuma cha meli. Bado hakijazimika kitu, kwani mfumo wa umeme umetengwa na bodi ya meli makusudi ili hitilafu ya kwanza isilete giza. Mvivu angepita. Fundi huzima breka moja moja, ya jiko, ya feni, ya taa za sitaha, huku jicho likiwa kwenye ile taa iliyofifia, mpaka irudishe mwanga wake. Siku nzima inaweza kuishia kwenye boksi moja lililoingia maji. Mfugaji wa Kisukuma ana jicho hilo hilo: humjua ng'ombe mgonjwa kwa kutocheua, kabla hajalala chini.

Anayeona huu ni umakini wa kupitiliza akumbuke Baltimore, Marekani, Machi 26, 2024. Meli ya makontena iitwayo Dali, ndefu karibu mita 300, ilizimikiwa umeme mara mbili ndani ya dakika chache, ikagonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Wakafa watu sita waliokuwa wakitengeneza barabara juu yake. Wachunguzi walikuta waya mmoja uliolegea: kilebo chake cha plastiki kilikaa vibaya, kikauzuia usizame sawasawa mahali pake. Kilebo! Kanuni za kimataifa huitaka jenereta ya dharura ishike mzigo ndani ya sekunde 45, lakini meli iliyokwisha kuikabili nguzo haina sekunde 45 za kugawa. Waya ule ulihitaji mkono wa kuuvuta kidogo tu, kuona kama umeshika.

Ukifika Bukoba asubuhi na taa hazikuzima hata mara moja, ulizia fundi umeme kabla hujashuka. Mpe shikamoo, hata akiwa kijana umri wa mwanao.