Kesi Isiyo na wa Kupelekewa: Msuko wa Matukio katika Sinema ya Nairobi Half Life

Jumamosi moja jioni vijana wa mtaa mmoja wa Levolosi, si mbali na soko la Kilombero hapa Arusha, walinialika kutazama pamoja nao sinema ya Kikenya iitwayo Nairobi Half Life. Wao walikwisha kuitazama zaidi ya mara moja. Mimi nilikuwa mgeni wake, ingawa ilitoka mwaka 2012. Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha kawaida chenye mabenchi, na picha zilimulikwa juu ya shuka iliyotundikwa ukutani. Nilitazama mambo mawili kwa wakati mmoja, yaani sinema na watazamaji wake. Mhusika mkuu alipolazimishwa kusafisha choo cha mahabusu, vijana walicheka mpaka machozi yakawatoka. Lakini askari walipoingia kwa mara ya mwisho hapakuwa na aliyecheka, na hata muuza karanga aliyesimama mlangoni alinyamaza. Taa ilipowashwa, kijana mmoja akanigeukia: "Mchungaji, sasa yule angekwenda kushtaki wapi?"

Swali hilo laweza kujibiwa na mwanasheria, na laweza kujibiwa na mchungaji. Katika makala haya nataka kulichukua kama swali la sanaa, kwa kuwa naamini kwamba kijana yule, pasipo kujua istilahi zetu, aligusa kiungo ambacho msuko mzima wa hadithi za namna hii hukitegemea.

Hadithi ya upelelezi, kama tulivyoizoea, ina umbo ambalo msomaji hulijua kabla hajafungua kitabu. Tendo ovu limetendeka; mtendaji amefichika; mtu mwenye akili anatafuta; siri inafichuliwa; mwovu anakabidhiwa kwa wenye mamlaka. Ukumbi wa mwisho wa hadithi hizo ni kituo cha polisi au mahakama, hata pale mwandishi asipotupeleka huko. Muhammed Said Abdulla, aliyeleta umbo hili katika riwaya ya Kiswahili kwa kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapishwa mwaka 1960, alimfanya Bwana Msa kuwa raia tu, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum. Mbele ya Bwana Msa polisi wanaweza kuonekana wazito wa kufikiri. Hawaonekani kuwa waovu, na hilo ndilo linalomruhusu kufumbua fumbo lake na kurudi nyumbani kwa amani: akishasema kweli, ipo mikono ya kuipokea.

Umbo hilo halikubadilika sana miaka iliyofuata. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na kitabu hicho kikasomwa na watu ambao huenda hawakusoma riwaya nyingine yoyote. Elvis Musiba naye, katika Kufa na Kupona cha mwaka 1974 na Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979, alitupa Willy Gamba, mpelelezi wa serikali ambaye hutumwa na mkubwa wake na kurudi kwa mkubwa huyo huyo. Uovu katika vitabu hivyo hutoka nje, hasa kwa makaburu na mawakala wao. Tusisahau kwamba makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika yalikuwa Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na kwa msomaji wa siku zile hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Msaliti wa ndani akitokea ni mtu mmoja mmoja, ameoza peke yake, na akiondolewa kikapu kinabaki safi. Ben Mtobwa alipomleta Joram Kiango, mpelelezi asiye mwajiriwa wa serikali, alitutoa kidogo katika ofisi za wakubwa. Hata hivyo Kiango bado ni shujaa ambaye mwisho wake twaujua. Nimevisoma vitabu hivi kwa furaha, vingine chini ya dawati, na sivisemi kwa dharau. Nasema tu kwamba vyote vimejengwa juu ya nguzo moja: yupo wa kupelekewa kesi.

Sasa tuone kinachotokea nguzo hiyo inapoondolewa.

Nairobi Half Life iliongozwa na David Gitonga, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tosh, kwa msaada wa mradi wa mafunzo ya sinema wa Mjerumani Tom Tykwer. Ndiyo sinema ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar katika kundi la sinema za lugha za kigeni. Yamhusu Mwas, kijana wa kijijini anayeuza kanda za sinema na kuziigiza mbele ya wateja ili wanunue. (Sisi tuliokulia karibu na vibanda vya video twamjua mtu wa namna hiyo, mara nyingi alikuwa bora kuliko kanda yenyewe.) Mwas anakwenda Nairobi ili awe mwigizaji. Siku ya kwanza ananyang'anywa kila kitu, anakamatwa, na huko mahabusu anakutana na Oti, ambaye baadaye anamwingiza katika kundi la wezi. Tangu hapo maisha yake yanakuwa nyuzi mbili. Mchana anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani pamoja na watu wa tabaka jingine kabisa. Usiku anaiba, kwanza vipuri vya magari, kisha magari yenyewe. Kila anapopanda ngazi upande mmoja, anapanda na upande wa pili.

Katika msuko huo hakuna mpelelezi, wala hakuna fumbo. Hatumtafuti mwizi, kwa maana tunaishi naye. Badala yake tunapewa askari, nao wanaingia mara tatu kwa sura tatu. Kwanza wanaingia kama mkono unaomkamata mtu pasipo kosa la maana. Kisha wanaingia kama washirika wanaodai fungu lao katika kilichoibwa. Mwisho wanaingia kama wauaji, wakiwafuta wale waliokula pamoja nao. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba kila sura inaitafsiri ile iliyotangulia. Tukisha kuona ya pili, tunaelewa kwamba ile ya kwanza haikuwa bahati mbaya ya mgeni wa mji. Tukisha kuona ya tatu, tunaelewa kwamba fungu lile lilikuwa bei ya uhai, na bei imepanda. Aristotle, katika mafundisho yake juu ya tanzia, alithamini sana utambuzi, yaani ile saa mhusika anapotoka katika kutojua na kuingia katika kujua. Hapa utambuzi upo, ila haumfai kitu aliyeupata. Mwas anajua yote. Kujua kwake hakufungui mlango wowote, kwa sababu mwenye ufunguo ndiye muuaji.

Ndiyo maana nasema kwamba hadithi ya ufisadi wa polisi, ikisukwa kwa uaminifu, huhamisha uzito wake. Swali lake la msingi linaacha kuwa "nani alitenda?" na kuwa "nani atamsadiki aliyeona?" Taharuki haitoki tena katika ugunduzi, inatoka katika ushuhuda. Na ushuhuda, ndugu zangu, ni neno ambalo sisi tulio madhabahuni tumelitumia kwa wingi mpaka limepoteza makali.

Ipo kasoro ambayo siwezi kuipita. Miongoni mwa watazamaji wa jioni ile alikuwamo mzee mmoja aliyewahi kuwa askari kabla ya kustaafu. Vijana walipokuwa wakibishana, yeye alisema neno moja tu: "Hawakuonyesha siku ya kwanza." Nilipomwuliza maana yake, akaniambia, "Baba mchungaji, hakuna anayeanza kwa kuua. Ipo siku ya kwanza unapopewa bahasha na mkubwa wako, na hapo hujui kama unaheshimiwa au unanunuliwa." Mzee huyu alitoa uhakiki bora kuliko wangu. Askari wa sinema hii wanakuja kama mvua ya mawe inavyokuja. Hatuoni wakichagua. Mwas amepewa siku yake ya kwanza, tena kwa urefu na kwa huruma, hata tunaelewa jinsi mtoto wa mama mwema anavyoweza kushika bastola. Askari hakupewa hata dakika tano. Kwa hiyo msuko unayumba upande mmoja: mwizi ana historia, askari ana sura tu. Yohana Mbatizaji, katika Luka sura ya 3, alipoulizwa na askari wafanye nini, aliwajibu kama watu wawezao kuacha dhuluma na kuridhika na mshahara wao. Aliwapa uamuzi. Msanii anayemnyima askari uamuzi humpunguzia hatia bila kukusudia, maana mvua haihukumiwi.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba sinema kama hii huwafundisha vijana wizi, na kwamba mwisho usio na haki huwakatisha tamaa. Neno la kwanza sitalijibu. Vijana wa Levolosi hawakuhitaji sinema ili wajue jinsi taa ya gari inavyong'olewa. La pili ni zito zaidi. Mji wetu ni mji wa madalali wa madini, na wengi wao wanaikumbuka habari ya Januari 2006, wakati wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva wa teksi walipouawa wakiwa mikononi mwa polisi mkoani Dar es Salaam. Taarifa ya kwanza ya polisi iliwaita majambazi waliokufa katika kurushiana risasi. Tume iliyoongozwa na Jaji Mussa Kipenka ilichunguza na kuikataa taarifa hiyo, kesi ikafunguliwa, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikawaachia huru washtakiwa wote. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja na kuacha wengine huru. Miaka 10 ilipita katikati. Silengi kuhukumu upya yaliyohukumiwa. Nataka msomaji auone msuko wake: hadithi ya kwanza kutolewa ilikuwa ya wenye bunduki, nayo ilikuwa na mhuri. Waliokufa hawakuwa na hadithi mpaka walio hai walipokataa kunyamaza. Anayemtaka msanii wetu amalizie kila kisa kwa pingu mikononi mwa mwovu, na aketi kwanza na wajane wa kisa hicho.

Hata Injili imehifadhi msuko wa aina hii, katika Mathayo sura ya 28. Walinzi wa kaburi wanapewa fedha ili waeneze habari ya uongo, na wanaahidiwa kulindwa habari ikimfikia liwali. Vipengele vyote vimo: askari, mlungula, taarifa ya kupanga, na mkubwa atakayetulizwa. Mwinjili hawarudii tena wale walinzi. Hawakamatwi, hawaumbuliwi, wala hatuambiwi kwamba fedha ile iliwatokea puani. Anakiri hata kwamba uongo wao ulikuwa ungali ukisimuliwa katika siku zake. Badala ya kuwaadhibu anahamia Galilaya, kwa mashahidi wengine, na baadhi yao bado wana shaka. Kwa kipimo cha Willy Gamba, huo ni mwisho uliokatwa vibaya.

Mwisho wa Mwas unafanana na huo kwa namna ambayo sidhani waandishi wake waliikusudia. Wenzake wamekwisha kuuawa. Yeye ametoka akiwa hai, na usiku ni ule ule wa mchezo wake. Anakwenda jukwaani. Waliokaa vitini wanatazama mwigizaji aliyebobea, nao wanampigia makofi kwa hisia zake. Hawajui ametoka wapi wala nguo zake zimegusa nini. Anasema maneno ya mtu mwingine, yaliyoandikwa kabla ya usiku ule, na ndiyo maneno pekee aliyonayo. Katika jiji zima ni sisi tu, tuliokaa juu ya mabenchi mbele ya shuka, tunaojua alichokiona. Kijana aliyeniuliza swali alikuwa bado amesimama akingoja jibu, na mwenye mashine alikuwa amekwisha kuanza kukunja waya.