Pipa si ndoo kubwa

Watengeneza sabuni wengi wadogo hukoroga kostiki soda kwenye maji leo na kuilaza hadi kesho ndipo waitie kwenye mafuta. Fundi wa Chiwanda au Mbamba Bay akiulizwa sababu, atasema ni kusubiri ipoe. Ni jibu sahihi, na ndani yake mna nusu ya elimu ya usalama wa viwanda vya kemikali. Kilo moja ya kostiki ikiyeyuka katika lita mbili na nusu za maji hutoa joto la kilojuli 1,000 hivi, na maji hukaribia kuchemka. Kuilaza ni kulitoa joto hilo kabla ya kukaribisha la pili, kwani mafuta na kostiki vikishikana navyo huzalisha joto lao.

Tatizo huanza biashara inapokua. Ukiongeza vipimo vyote vya chombo mara mbili, ujazo unakuwa mara nane lakini ngozi yake mara nne tu. Joto huzaliwa katika ujazo wote, ila hutoka kupitia ngozi. Isitoshe, mimenyuko mingi huongeza kasi karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Upoaji hauendi mbio hivyo. Joto linalozaliwa likilizidi linalotoka, mmenyuko hujichochea wenyewe. Kwenye sabuni, povu hufura na kumwagika, nawe una bahati ukiungua mkono tu.

T2 Laboratories ya Jacksonville, Florida, haikuwa na bahati hiyo. Kiwanda hicho kidogo kilitengeneza kiongezo cha petroli kwa mikupuo, kikitumia metali ya sodiamu. Kilitoka kwenye majaribio ya lita moja hadi tangi la lita zaidi ya 9,000. Baadhi ya mikupuo ya mwanzo ilipanda joto kuliko ilivyotarajiwa. Hata hivyo, kuanzia mkupuo wa 42 kiasi kiliongezwa kwa theluthi moja. Tarehe 19 Desemba 2007, katika mkupuo wa 175, upoaji ulishindwa. Watu 4 walikufa, 32 wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa kwenye biashara za jirani.

Wachunguzi wa Marekani walikuta maji ya kupozea hayakuwa na mfumo wa akiba. Karibu na nyuzi 200 ulikuwepo mmenyuko wa pili, mkali zaidi, ambao wenye kiwanda hawakuujua. Kizibo cha kupumulia nacho kiliwekwa kipasuke kwa shinikizo kubwa mno. Kingepasuka mapema, mmenyuko huo wa pili huenda usingefikiwa. Kwangu mimi, kilichowaponza zaidi ni ile mikupuo 174 iliyopita salama.

Dawa ya viwandani ni kutia kemikali kidogo kidogo huku unakoroga: ambacho hakijaingia hakiwezi kuwaka. Lakini ukorogaji ukisimama nawe ukaendelea kumimina, unalimbikiza joto litakalotoka kwa mkupuo mmoja. Basi simamisha kumimina kwanza. Kostiki itiwe kwenye maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Sufuria ya alumini isikaribie, maana kostiki huila na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Unayefikiria kuhama kutoka ndoo kwenda pipa la lita 200, nunua kipimajoto kwanza. Na ukienda SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Songea kuomba mafunzo, usiulize vipimo vya sabuni pekee. Uliza pipa zima hupozwaje.