Kitabu cha Tippu Tip: Kiongozi wa Misafara, Tajiri na Liwali

Mwaka huu nalikisoma tena, pamoja na wanafunzi wangu, kitabu kiitwacho Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Mdachi mmoja, Heinrich Brode, ndiye aliyekipiga chapa kwanza huko Berlin, mwaka 1902 na 1903. Baadaye Bwana W. H. Whiteley akakifasiri kwa Kiingereza. Wengi wamekisifu kwa Kiswahili chake, nami siwapingi. Lakini liko jambo katika usimulizi wake ambalo sikuliona nilipokuwa kijana, na hilo ndilo nitakalo kuliandika.

Mtu huyu alizaliwa Unguja, lakini safari zake kubwa alizifanya katika nchi kavu, akiongoza msafara kama nahodha aongozavyo chombo. Alianza biashara ya sandarusi akiwa mtoto wa miaka 12, akaendelea kwa pembe za ndovu, akawa tajiri mkubwa. Mwisho akawa liwali wa Stanley Falls, mahali paitwapo sasa Kisangani. Sisi wa Ugogo inatupasa kukijua kitabu hiki, maana njia ya kwenda Unyanyembe ilipita kwetu: Mpwapwa, kisha pori la Marenga Mkali lisilo maji mazuri, kisha mbuga zetu mpaka Kilimatinde. Watemi wa Kigogo walishika visima, na atakaye maji alitoa hongo kwanza. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, njia ile ilikwisha kazi yake. Basi, atakayetafuta habari za babu zetu kitabuni atapata kidogo sana, kwani kwake Ugogo ni njia, chakula na hongo. Silalamiki kwa hilo. Kila msafiri huandika yaliyomgusa mfuko.

Utamu wa kitabu ni kwamba hakipambi. Sentensi zake ni fupi, hatafuti maneno makubwa, wala hasemi mioyo ya watu. Asema alikwenda, alinunua, alipigana, alipata kadha wa kadha. Tena hasiti kusimulia hila zake. Asimulia jinsi alivyopata habari za Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetela, ambaye dada zake wawili walichukuliwa mateka zamani sana. Tippu Tip akauliza taratibu, akashika majina na mambo yote. Kisha akapeleka neno kwa mzee yule kwamba yeye ni mjukuu wa dada mmojawapo, na ya kuwa bibi yake aliuzwa akafika kwa Waarabu. Mzee akafurahi mno, akampa nchi. Mfanyabiashara akawa mtawala kwa hadithi ya bibi asiyekuwa bibi yake.

Nilipolisoma fungu hilo darasani, wote walicheka, na mimi nilicheka. Binti mmoja tu hakucheka. Aliuliza, “Mwalimu, na yule mzee alifurahi kwa sababu gani?” Nikajibu kwamba alidhani damu ya dada yake imerudi nyumbani. Darasa likanyamaza. Tangu siku hiyo nimekisoma kitabu kwa jicho jingine. Usimulizi ule mwepesi hutufanya sisi tunaosoma kuwa wenzi wa mwenye hila. Twaona werevu wake, lakini huzuni ya miaka mingi ya mzee yule, ambayo ndiyo iliyoufanikisha werevu huo, yatupita.

Ndivyo ilivyo na habari za Uzaramo. Wapagazi wake walitoroka. Naye akazunguka nchi kwa siku chache, akakamata watu 800, akawafunga pamoja, akawatwisha mizigo. Kwa ajili hiyo watu wakamwita Kingugwa, yaani chui, maana chui hukamata huku na huku. Jina hilo alitaja mwenyewe, tena naona alitaja kwa fahari. Hasemi kama wote 800 ndio waliotoroka, wala ni wangapi waliorudi kwao. Pembe alizipima kwa frasila mpaka ya mwisho.

Wako wasemao tusimhukumu mtu wa zamani kwa sheria za leo. Neno hilo lina haki yake, wala mimi sisemi kitabu kitupwe. Kwa habari nyingine ni shahidi wa maana sana: Stanley ameandika jinsi walivyopatana fedha za safari ya mwaka 1876, na Tippu Tip naye ameandika, wala hesabu zao hazilingani. Ni vizuri kwamba si Mzungu peke yake aliyebaki na kalamu. Hata juu ya uliwali wake wa mwaka 1887, alioupokea chini ya bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi, ni vema kusikia maneno yake mwenyewe. Lakini Wazaramo wale hawakupata kalamu, wala yule mzee wa Utetela.

Kwa hiyo sasa nakisomesha pamoja na Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela cha mwaka 1934, kinachoeleza watu waliokamatwa na kuuzwa, na wale walioletwa Freretown wakiwa huru. Kiswahili cha Mbotela hakina ukali ule wa Tippu Tip, na pengine chahubiri kupita kiasi. Hata hivyo wanafunzi hukitaka kwanza. Naye yule binti ameniomba nimwazime vyote viwili wakati wa likizo, apate kumsomea babu yake, ambaye asema baba yake alibeba pembe.