Manyani wa Adili

Nimeisoma tena Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, safari hii nikiwa Kawe, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba saba na makabila sita. Shuleni tulikipita kitabu hiki mbiombio: wivu ni mbaya, msamaha ni mwema, nakili daftarini. Hakuna aliyetuambia kwamba kinatisha.

Kila usiku Adili anawachapa viboko manyani wawili huku mwenyewe akilia, kisha anawalisha vizuri. Manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa damu, waliomtupa baharini kwa kijicho. Aliyewageuza na kuamuru wachapwe ni Huria, binti wa kijini ambaye Adili aliwahi kumwokoa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka barazani.

Nami nina kaka. Hakunitupa baharini, aliuza kiwanja cha marehemu baba, akapotea miaka minne, halafu akapiga simu kuomba nauli ya kuja Dar. Sikumjibu. Kwa siku kadhaa nilikuwa namchapa kichwani mwangu, na kila nikimaliza nawaza kama amekula.

Msingi wa hadithi hii umo katika Alfu Lela Ulela. Kule ndugu wanageuzwa mbwa, na wakirudishiwa ubinadamu wanamsaliti mwenzao tena. Katika kitabu hiki kilichotoka 1952, Shaaban Robert aliukataa mwisho huo. Kwake Mfalme Rai anaingilia kati, manyani wanarudi kuwa watu, wanatubu, na kutubu kwao kunadumu. Wapo watakaosema ni ulaini wa mwandishi mwenye kupenda maadili. Mimi naona ni ujasiri, maana mtu uliyempa jina la Mwivu tangu ukurasa wa mwanzo, kisha ukamruhusu asiwe mwivu, umemtoa ndani ya jina lake.

Ninachomlaumu ni kwa Huria. Ndiye aliyemtendea Adili udugu pale ndugu walipomkimbia, lakini jina la kitabu halimhesabu, na mapatano yakishafanyika hana tena nafasi kubwa. Ajabu kwa lugha ambayo neno lake ndugu lilikuja kubeba nchi nzima, hadi kwenye barua za ofisini! Mimi ningetaka Huria aketi mezani pamoja nao, ale, aulizwe hali yake. Mama wa chumba cha mbele hapa kwetu si ukoo wangu hata kidogo, na ndiye aliyeniuguza malaria mwezi wa tatu.

Nauli nilituma. Kaka alifika Alhamisi usiku, akalala kwenye mkeka wangu, hatujazungumza habari za kiwanja. Asubuhi mlangoni palikuwa na sahani mbili za chapati zilizofunikwa, na mama yule hakuwa ameuliza mgeni ni nani.