Majirani wa Wakanda: Maoni Yangu Kuhusu Filamu za Mashujaa na za Sayansi ya Kubuni

Wapo wasomi wanaodhani kwamba filamu za watu wanaoruka angani, wanaobeba magari kwa mkono mmoja au wanaosafiri kwenda sayari nyingine ni michezo ya watoto, na kwamba mwanafunzi wa fasihi hana la kuzungumza juu yake. Mimi siafikiani nao. Watu wetu walikuwa na mashujaa wa aina hiyo kabla sinema haijabuniwa. Sisi Waganda tunasimuliwa habari za Kibuuka, aliyetumwa kutoka visiwa vya Ssese kumsaidia Kabaka Nakibinge katika vita dhidi ya Wanyoro. Kibuuka alipigana akiwa amejificha ndani ya wingu, mpaka siri yake ilipovuja kupitia mwanamke mateka na wapiga mishale wa adui wakajua pa kulenga. Waswahili nao wana Fumo Liyongo, jitu lisilouawa na mkuki wala upanga, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Anayezijua hadithi hizi mbili hashangai akimwona Superman, aliyeanza kuonekana kwenye vitabu vya katuni huko Marekani mwaka 1938, akiwa na nguvu zote lakini akilegezwa na jiwe moja.

Kwa hiyo swali langu si kama filamu hizi zina thamani. Swali langu ni hili: je, watu wa kawaida wana kazi gani ndani yake? Katika kisa cha Liyongo, shujaa akishachomwa na mwanawe anapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wanaogopa kwenda kuteka maji. Msimulizi hakuwasahau wale wenye ndoo. Nguvu za shujaa, na hata kifo chake, vinaingia mpaka jikoni kwa watu. Hicho ndicho kipimo nitakachokitumia.

Nianze na filamu za kampuni ya Marvel, kwa kuwa ndizo zilizoenea zaidi. Katika Avengers: Age of Ultron ya mwaka 2015, Hulk anapandwa na wazimu na kupigana na Iron Man katikati ya Johannesburg. Majengo yanaporomoka, watu wanakimbia ovyo, kisha hadithi inahama na mji ule hatuuoni tena. Mwaka uliofuata ikatoka Captain America: Civil War, ambayo mapema inatupeleka Lagos. Mashujaa wanamfukuza mhalifu, mlipuko unatokea, jengo linaungua na watu wanakufa, wakiwemo wahisani waliotoka Wakanda. Filamu nzima inajengwa juu ya hatia ya vifo kama hivyo. Lakini mfu mmoja tu ndiye anayepewa jina, picha na mama wa kumlilia: kijana Mmarekani aliyekufa katika nchi ya kubuni ya Sokovia. Wafu wa Lagos hawana majina. Wao ni moshi na takwimu za taarifa ya habari. Ikiwa dhamira ya filamu ni kwamba kila uhai una uzito, basi mizani iliyotumika ilikuwa mbovu.

Ndipo ilipokuja Black Panther mnamo Februari 2018, ikiongozwa na Ryan Coogler. Sitaki kuonekana mtovu wa shukrani. Filamu hii ilituletea jambo ambalo hatukuwahi kuliona kwenye skrini kubwa kiasi kile: Waafrika walio wafalme, wanasayansi na majenerali, waliovaa mavazi yaliyobuniwa kwa kuangalia tamaduni za bara zima, na nchi ambayo haikuwahi kutawaliwa na mkoloni. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani kote na ikapata tuzo 3 za Oscar. Sisi wa Uganda tulikuwa na sababu zetu za ziada za kujivuna. Florence Kasumba, anayeigiza kama askari Ayo, alizaliwa Kampala. Daniel Kaluuya, anayeigiza kama W'Kabi, alizaliwa London na wazazi Waganda. Hata baadhi ya picha zilizopigwa kutoka angani ni za milima yetu ya Rwenzori na msitu wa Bwindi.

Lakini hebu tukiweke kipimo chetu. Wakanda ni nchi ya Afrika Mashariki iliyojificha. Ina madini ya vibranium, ina dawa za kuponya jeraha la risasi kwa usiku mmoja, ina treni zinazoelea. Nchi iliyo Afrika Mashariki ina majirani. Je, majirani hao ni akina nani? Filamu haituambii. Nakia, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, ndiye pekee anayemsukuma mfalme T'Challa kuwafikiria watu walio nje ya mpaka. Jibu kali zaidi linatoka kwa W'Kabi, mkuu wa kabila linalolinda mpaka. Yeye anashikilia kwamba ukiwafungulia wakimbizi mlango, wataingia na shida zao, na Wakanda itakuwa kama nchi nyingine yoyote.

Maneno hayo yalinikaa moyoni kuliko mapigano yote ya filamu ile. Yanasemwa na mwigizaji ambaye wazazi wake walitoka katika nchi inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, zaidi ya milioni 1.5. Uganda haina vibranium. Haina treni inayoelea. Ina makazi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanalima, wanauza nyanya sokoni na mara nyingi wanaelewana kwa Kiswahili. Shida zao ni kweli walikuja nazo. Walikuja pia na majembe yao, nyimbo zao na lugha yao. Mimi ninayesoma Kiswahili nimefaidika na lugha hiyo, kwa sababu wa kwanza kuzungumza nami nje ya darasa bila kunicheka walikuwa vijana wa Kikongo wanaouza vitenge.

Je, filamu inamjibu W'Kabi? Inajaribu. Baada ya Killmonger kuinyakua enzi na kutaka kupeleka silaha kwa watu weusi duniani kote, T'Challa anatambua kwamba kujificha lilikuwa kosa la mababu zake. Kisha anafanya nini? Ananunua majengo Oakland, Marekani, ili kufungua kituo cha msaada, halafu anakwenda Vienna kuhutubia Umoja wa Mataifa. Oakland inastahili, kwa kuwa ndiko baba yake T'Challa alikomwacha mtoto yatima. Lakini jirani aliye ng'ambo ya mto bado hajafunguliwa mlango. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Msaada wa Wakanda ulipanda ndege ukavuka bahari, na nyoka akabaki mlangoni.

Tena, angalia namna mambo yanavyoamuliwa Wakanda. Nchi yenye sayansi kubwa kuliko zote inampata mtawala wake kwa wanaume wawili kupigana kwenye maporomoko ya maji. Killmonger akishinda, jenerali Okoye anabaki kukilinda kiti kwa sababu kiapo chake ni kwa kiti, si kwa aliyekikalia. Hatuoni mkulima, mwalimu wala muuguzi akiulizwa maoni yake. Raia wamepangwa kando ya mwamba wakishangilia. Katika eneo letu, ambako tunajua jinsi watu wenye silaha wanavyoweza kukaa madarakani muda mrefu, sioni kwa nini tuiite picha hiyo ndoto ya kesho yetu. Hiyo tunayo tayari.

Mwaka huohuo wa 2018 ilitoka filamu nyingine ya shujaa, ya Kenya, isiyo na hata sehemu ndogo ya fedha zile. Inaitwa Supa Modo na iliongozwa na Likarion Wainaina. Jo ni msichana wa miaka 9 mwenye ugonjwa usiopona. Anapenda filamu za mapigano na za mashujaa. Mama yake anamtoa hospitalini na kumrudisha kijijini ili siku zake zilizobaki aishi nyumbani. Mama anataka apumzike kitandani. Dada yake, Mwix, anaona kwamba mtoto anayesubiri kufa chumbani amekwisha kufa. Basi anawashawishi wanakijiji wamsaidie Jo aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na baadaye wote wanashirikiana kutengeneza filamu ambamo Jo ndiye shujaa.

Hapa kipimo changu kinajaa. Jo hana nguvu yoyote ya mwili. Nguvu zote alizo nazo amepewa na watu wenye shughuli zao na uchovu wao, waliokubali kuacha kazi zao kwa ajili ya mtoto mmoja. Kijiji hakiokolewi na shujaa. Kijiji ndicho kinachomtengeneza shujaa, na katika kufanya hivyo chenyewe kinabadilika. Ugonjwa haushindwi. Muongozaji hakutudanganya kwa kuleta dawa ya ajabu dakika ya mwisho, na nadhani huo ndio ujasiri wa filamu yenyewe. Inakiri kwamba yapo mambo ambayo nguvu haziwezi kuyafanya, halafu inauliza ni nini bado kinawezekana. Nasema hili nikijua kwamba filamu ina udhaifu wake. Baadhi ya wanakijiji ni vichekesho tu, na kubadilika kwa mama kunakuja haraka kuliko nilivyotarajia. Lakini wahusika wanazungumza Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza kwa kuchanganya, kama watu wanavyozungumza, na mtoto anaota ndoto zake kwa lugha ya nyumbani.

Suala la lugha linanipeleka kwenye sayansi ya kubuni. Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, inatuonyesha Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanazalisha umeme kwa kufanya mazoezi kwenye mashine, wanachuja jasho na mkojo wao ili wanywe, na wanalazimishwa kumeza vidonge vya kuzuia ndoto. Asha, anayetunza jumba la makumbusho, anapokea udongo wenye uhai, anapanda mbegu ndani yake na inachipua. Wakubwa wanakataa kuamini. Anatoroka kwenda jangwani, anaupanda mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa mwili wake. Kwa dakika chache kuliko kipindi kimoja cha darasani, filamu hii imesema mengi kuhusu maji na utawala kuliko filamu nyingi za saa mbili na nusu. Na Asha hana nguvu za ajabu. Ana chupa ya maji tu.

Hata hivyo nina lalamiko. Filamu ina jina la Kiswahili lakini inazungumza Kiingereza. Ndivyo ilivyo pia Kizazi Moto, mfululizo wa katuni fupi 10 uliotolewa na Disney mwaka 2023. Ndani yake yumo Raymond Malinga wa Uganda, ambaye Herderboy yake inawageuza wachungaji wetu wa ng'ombe kuwa walinzi wenye viungo vya mashine. Nimeipenda sana, kwa sababu ng'ombe ndani yake si pambo. Lakini Kiswahili kimebaki kwenye jina, kama mgeni aliyekaribishwa mpaka barazani asifike sebuleni. Wakanda nayo ilichukua Kixhosa, lugha halisi ya Afrika Kusini, na nafurahi walau iliwapa wahusika sentensi za kusema.

Wenzangu huniambia, "Wewe nawe! Sinema ni starehe, mtu amelipa apumzike." Nawajibu kwamba waingie kwenye kibanda cha video chochote cha Kampala wasikilize. Pale filamu ya kigeni haionyeshwi hivihivi. VJ anaifasiri kwa Kiganda papo hapo, anawapa wahusika majina ya mtaani, anamkaripia shujaa anapovunja duka la watu, anauliza nani atalilipa. Watazamaji wanacheka, lakini swali limeulizwa. Huko Wakaliga, Nabwana I.G.G. aliitengeneza Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 kwa vifaa vya kuunga mkono, na sauti ya VJ ikawa sehemu ya filamu yenyewe. Kwangu mimi VJ ni mhakiki. Anakataa watu wetu wawe moshi wa nyuma.

Kiswahili nchini Uganda kilibebeshwa sifa mbaya kwa miaka mingi. Wazee wetu walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani wakati wa Idi Amin, na wengi wakakiona ni lugha ya askari na wezi. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi ya kutumika nchini. Hatua hiyo ni nzuri, lakini lugha haipendwi kwa waraka. Inapendwa mtoto anapoisikia ikizungumzwa na mtu anayetamani kuwa yeye. Ndiyo maana naona filamu hizi si jambo dogo. Lugha ambayo haijawahi kuzungumza juu ya mwaka 2100 inaonekana kama lugha isiyotarajiwa kufika huko.

Ninachotamani, basi, si Wakanda ya pili. Natamani filamu ya upande wa pili wa mpaka ule: watu wa kijiji jirani ambao usiku wanaona taa za ajabu zikipita juu ya mlima, ambao kisima chao kimekauka, na ambao siku moja wanaamua kwenda kugonga. Wagonge kwa Kiswahili. Halafu tuone W'Kabi atawajibu nini.