Tumaini na Ghururi katika Kinjeketile

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imezoeleka kusomwa kama kisa cha ukombozi: mnyonge anainuka, anashindwa, na katika kushindwa kwake inabaki mbegu ya uhuru. Usomaji huo si wa makosa. Ila umelipita swali moja ambalo mtu wa pwani, aliyekulia chuoni na kwenye darsa za msikitini, hawezi kulikwepa. Yale maji yalikuwa tumaini au ghururi?

Wanazuoni wa Kiislamu hawakuyachanganya maneno haya mawili. Imamu Ghazali, anapofafanua khofu na rajaa katika Ihyaa Ulumuddin, anapiga mfano wa mkulima. Mwenye kuchagua ardhi njema, akatia mbegu nzima, akapalilia na kunywesha kwa wakati wake, kisha akangojea fadhila za Mola amwepushie maafa, huyo ndiye mwenye tumaini. Mwenye kutupa mbegu kwenye ardhi ngumu isiyofikiwa na maji, asiishughulikie, kisha akakaa kungoja mavuno, huyo ameghurika. Kati yao yuko wa tatu: ardhi yake ni njema lakini maji hana, naye anangoja mvua mahali isipozoea kunyesha. Huyo ana matamanio tu.

Mfano huu hauhitaji mfasiri katika bonde la Rufiji. Mkulima wa mlau, kuanzia kingo za mto hadi vijiji vya delta vilivyomo leo katika wilaya ya Kibiti, hupanda kwenye tope lililoachwa na mafuriko yanapopwa. Mto unaomlisha ndio unaoweza kumfukarisha, kama ilivyoonekana Aprili 2024, mafuriko yalipozamisha mashamba na makaazi ya Rufiji na Kibiti. Mto hauamrishwi. Lakini mbegu, jembe, na dungu la kulindia shamba ni juu ya mkulima mwenyewe. Ndiyo maana ya mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa aliyemuuliza juu ya ngamia wake: amfunge kwanza, kisha ategemee.

Kinjikitile Ngwale wa historia alikuwa mtu wa Ngarambe, kusini ya bonde hilo. Mwaka 1904 watu walianza kumiminika kwake kufuata dawa ya maji. Walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko, na mashamba ya pamba ya kulazimishwa yaliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Vita viliripuka Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, na tarehe 4 Agosti mwenye dawa akanyongwa Mohoro, ukingoni mwa delta. Hussein ametahadharisha kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia, bali ni kiumbe cha sanaa. Basi anayepimwa hapa ni huyu wa jukwaani.

Naye hakuanza kwa ghururi. Makabila yaliyokuwa yakitiliana shaka yanakusanyika kwa sababu ya maji yake. Tena haamuru vita mara moja. Anataka watu wangoje, wazidi kuungana, na wafundishwe. Na Kitunda anayashika mafunzo ya askari. Mpaka hapo mfano wa Ghazali umetimia, kwani maji yanatia moyo na mazoezi yanafanya kazi ya jembe. Mambo yanaharibika pale watu wanapoona kwamba anayelindwa na maji hana haja ya kujifunza wala kusubiri. Maji yaliyokuja kuipa nguvu kazi yanashika nafasi ya kazi, na tumaini linageuka bila ya jina lake kubadilika. Hapo ndipo ustadi wa Hussein ulipo: hakuna shetani anayeingia jukwaani kuwapoteza watu. Haraka yao, iliyozaliwa na dhulma ya kweli, inatosha.

Kinjeketile anaitambua hatari mapema. Anashtuka kuona kwamba ahadi iliyotoka kinywani mwake mwenyewe inawafanya watu wawe watoto wa Seyyid Said, yaani watoke kwa bwana mmoja waingie kwa mwengine. Tangu hapo anaitilia shaka sauti aliyoisikia. Hatafuti cheo wala mali, na tamaa ya dunia si ugonjwa wake. Mtihani wake ni amana. Neno limemtoka, limekuwa kubwa kuliko yeye, naye anashindwa kulirudisha. Lakini katika maadili ya Kiislamu uzito wa neno hauondoki kwa msemaji kwa kuwa wasikilizaji wamekataa kusikia. Anapoacha vita viende, huku moyo wake umejaa shaka, anakuwa mshirika wa lile alilolijua.

Ndiyo sababu onyesho la mwisho lina ugumu kuliko wanavyokubali wengi wanaolisifu. Kitunda, mfungwa mwenzake, anamtaka akiri kwamba maji hayakuwa kweli. Kinjeketile anakataa, kwani Mjerumani atalichukua ungamo hilo awafundishe watoto kwamba kupigana naye kulikuwa kosa. Mbele ya Mjerumani jibu hili ni la haki, kwani mdhulumu hana haki ya kupewa ukweli autumie kuwa pingu. Lakini anayeuliza ni Kitunda, aliyewafunza vijana na akawaona wakifa. Yeye alistahili kuambiwa, na jibu linampita kichwani likiwaendea wasiozaliwa.

Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kuwa waliokufa kwa vita na njaa hadi 1907 walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Kwa hesabu kama hiyo mtu hawezi kusema kwamba neno ni neno tu. Mtume alifundisha kwamba aliye na mche mkononi Kiyama kikisimama, na aupande akiweza. Mpandaji huyo hakuahidiwa kivuli wala matunda, ameamrishwa kitendo. Kinjeketile aliwaachia watoto neno lililokuja kuzaa matunda. Ila mtoto anayerithi neno hilo ana haki ya kuelezwa pia kwamba risasi zilipenya, ili atakapotumaini ashike na jembe.