Dari ya Namba: Uhakiki wa Istilahi "Kukadiria Kwenda Juu" katika Ufundishaji wa Programu za Kompyuta

Kitenzi "kukadiria" kimetwishwa mzigo mkubwa katika maelezo ya Kiswahili kuhusu hesabu za kompyuta. Hutumika kwa makisio ya jumla, hutumika kwa kutafuta namba iliyo karibu zaidi, na kikiongezewa "kwenda juu" hutumika kueleza amri ya math.ceil katika lugha ya programu ya Python, ambayo hugeuza namba yenye desimali kuwa namba kamili. Matumizi haya ya mwisho ndiyo yenye kasoro.

Kukadiria ni tendo la mtu asiye na kipimo kamili. Mkulima hukadiria mavuno kabla ya kuvuna. Amri ya math.ceil haikisii chochote. Hutoa namba kamili iliyo ndogo kuliko zote zisizopungua namba iliyopewa. Wanafunzi 121 wakigawanywa katika madarasa ya watu 30, mgawanyo ni takribani 4.03. Anayekadiria atasema 4, na mwanafunzi mmoja atabaki nje. Amri hii hujibu 5.

Nyongeza ya "kwenda juu" nayo haitoshi. Kwa 2.3 jibu ni 3, na hapo hapana utata. Kwa -2.5 jibu ni -2, ilhali msomaji anayedhani kuwa kupanda ni kukuza tarakimu atatarajia -3. "Juu" hapa ni mwelekeo katika mstari wa namba, kuelekea upande wa chanya, na istilahi inayohakikiwa hailidokezi jambo hilo hata kidogo.

Kenneth Iverson, aliyezipa dhana hizi majina katika kitabu chake cha mwaka 1962, hakutumia kitenzi. Alichukua nomino mbili za nyumba, dari na sakafu, nazo zote Kiswahili kinazo. Huenda ikapingwa kwamba katika mwambao "dari" ni pia orofa ya juu. Pingamizi hilo ni jepesi: wanaisimu wamezoea kutumia "mzizi" bila kuuchanganya na wa mti. "Dari ya -2.5" humlazimisha msomaji kuuliza ni namba gani iliyo juu yake, na hilo ndilo swali sahihi.

Hata hivyo, istilahi nzuri haitibu kila kitu. Katika Python, (0.1 + 0.2) * 10 huleta 3.0000000000000004, kwa sababu desimali hizo hazihifadhiki kikamilifu katika mfumo wa jozi. Dari yake ni 4, si 3. Katika hesabu ya ada au ya mgao wa dawa, kosa hilo huongeza kizio kizima pasipo onyo lolote. Kwa hiyo kamusi ya istilahi inayoishia kwenye kisawe tu haitoshi. Kidahizo cha "dari" kinahitaji fasili, pamoja na mifano mitatu: 2.3, -2.5 na huu wa 3.0000000000000004.